Mama Alipokataa Kusema Amina

Nakumbuka siku ile wageni wa posa yangu walivyokaa wamefumba macho mbele ya chakula, mwanangu, wakingoja Amina ambayo haikuja. Leo nacheka, lakini siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ngoja nikueleze taratibu, maana najua una mtu wako aliyepotea, na najua umeanza kuchoka kumwombea.

Tulikuwa tunakaa kijiji cha Malindi, huku juu Lushoto, mimi, mama yangu mjane na kaka yangu Elieza. Ulikuwa wakati wa ruksa. Biashara zilifunguliwa, maduka yakajaa vitu, mitumba ikapanda hadi milimani, na malori ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam yakawa yanafuata kabichi zetu karibu na mashamba. Elieza alianza kwa kupakia kabichi. Kisha akapanda lori lenyewe, akashuka nalo mpaka Mombo kwenye barabara kuu, na Mombo ikammeza. Tulisikia anakunywa, analala vilabuni, leo yuko na mwanamke huyu, kesho yule. Na ulikuwa wakati mbaya, mwanangu. Vijana wa barabarani walirudishwa makwao wamekonda, au wakiwa ndani ya sanduku. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani, mama alimwuliza, "Elieza, unaondoka hata kuaga huagi?"

Akajibu huku anacheka, "Siku hizi ruksa, mama."

Basi mama akashika maombi. Alikuwa na desturi yake: kila jioni kabla ya kutia komeo mlangoni aliuliza, "Watu wote wameingia?" Aliuliza hata tulipobaki wawili tu na mimi nimekaa mbele ya macho yake. Sala yake ya jioni ilimpitia kila mtu, mchungaji, wagonjwa, jirani, hata ng'ombe, kwa Kiswahili safi cha kanisani. Akifika kwa Elieza alihamia Kishambaa, kwa sababu, alisema, huyo alimzaa kwa Kishambaa. Halafu alinyamaza. Hakusema Amina. Alifumbua macho, akaenda kuepua sufuria jikoni.

Habari hiyo ilimfikia mwinjilisti wa mtaa wetu, mtu mpole sana. Akaja kumwona.

"Mama Elieza," alisema, "sala bila Amina haijafungwa. Amina maana yake ni na iwe hivyo."

"Najua, mwinjilisti. Nayo naisema kanisani kila Jumapili. Lakini hii ya Elieza nikiifunga, nitakuwa nimetia komeo na mtoto yuko nje."

Mwinjilisti akaomba maji ya kunywa.

Majirani walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na walihakikisha mama anasikia. Yeye aliwajibu kwamba mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Mimi je? Mimi nilikuwa msichana, na wasichana wana haraka. Nilimpenda kaka yangu, lakini nilichoka kuishi na roho juu. Gari likisimama barabarani jioni, mama na mimi tuliacha kutafuna. Tulisikiliza kama kuna mtu analia. Likiondoka, tuliendelea kula bila kusemezana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma kweli.

Ndipo wakaja wageni wa posa. Alikuja mshenga, mzee mmoja mnene kutoka Mgwashi, pamoja na akina mama wawili. Baba mdogo aliwapokea, kuku akachinjwa, chakula kikatengwa. Baba mdogo akamwomba mama abariki chakula. Mama akaomba. Akawaombea wageni, safari yao na nyumba watakayonipeleka. Nikaanza kupumua. Kisha nikasikia amehamia Kishambaa, nikajua tumeumbuka. Akamtaja Elieza kwa sauti ya chini, akanyamaza, akafumbua macho.

Wageni hawakufumbua. Wangejuaje? Walikaa vichwa chini, chakula kinapoa. Mshenga akafungua jicho moja, akamwona kuku, akalifumba tena kwa adabu. Na mimi, mwanangu, kwa aibu na kwa kuchoka, nikasema kwa sauti kubwa, "Amina!"

Wote wakaitikia "Amina!" kwa furaha ya watu wenye njaa. Mama peke yake hakuitikia.

Hakunisema mbele za watu. Walipokwisha kuondoka, alinikuta nasuuza vyombo, akasimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti.

"Nani amekwambia watu wote wameingia?"

Hayo tu. Angenichapa ningeumia kidogo na kusahau.

Haikupita wiki, habari ikapanda kutoka chini: lori la kabichi limeanguka kwenye zile kona kati ya Soni na Mombo, na kijana wa Malindi amekufa. Jina hawakulijua. Mimi nililijua, au nilidhani nalijua. Nilisikia Amina yangu ikigonga kichwani kama komeo linavyogonga mlango. Tukashuka mimi na mama mpaka barabarani, tukakaa kwenye majani tukitazama kila gari linalopanda. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo aifute ile Amina, kwamba ilikuwa ya mtoto mpumbavu. Nilipomwambia mama kuwa nimemuua kaka, alinishika mkono.

"Mungu haongozwi na mdomo wako," alisema. "Nilikukemea kwa sababu ulikata tamaa ukataka na mimi nikate. Sasa nyamaza, tumwombe."

Tukaomba pale pale kando ya barabara. Nilikuwa sijawahi kuomba hivyo, na nilipofika mwisho nilifunga mdomo bila kusema Amina.

Jua lilipokuwa linashuka tulipata habari kamili. Aliyekufa alikuwa mtoto wa jirani yetu wa upande wa pili wa bonde. Elieza hakuwemo. Dereva alikuwa amemwacha Soni kwa sababu kaka alikuwa amelewa hata kusimama hawezi. Tulifurahi, halafu tukaona haya kufurahi, tukaenda moja kwa moja kwenye msiba kulia na wenzetu.

Usidhani Elieza alirudi kesho yake. Wapi! Niliolewa, nikazaa, nikaja kumsalimia mama na mtoto mgongoni, na bado sala ilikuwa haijafungwa. Siku hiyo mchana tulikuwa uani tunachambua maharage. Tukasikia hodi. Alikuwa amesimama karibu na mgomba, mwembamba, shati limempwaya, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu, aliyetufundisha kwamba shikamoo haiachwi bila marahaba hata ukiwa umekasirika, aliinuka, maharage yakamwagika, akasema, "Amina."

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa, nikalia mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Hakugeuka malaika, usinielewe vibaya. Alianguka mara kadhaa, akainuka, akalima, akazeeka. Wako pia walioombewa hivyo hivyo na hawakuonekana tena, na sina jibu la hilo. Yule jirani wa ng'ambo ya bonde aliomba kama sisi. Ndiyo maana sikuambii maombi ni kama kununua kitu dukani.

Ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Usimfungie mtu wako nje kwa sababu wewe umechoka. Mtaje kila siku, kwa lugha uliyompendea. Watu wakisema ya kusema, waache waseme. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukiogopa, omba ukiwa na hofu yako hivyo hivyo, maana mama yangu aliomba pale barabarani kabla hajajua ni nani aliyekufa. Na akirudi, usianze na maswali.

Mungu wa mama yangu akutie nguvu ya kungoja. Amlinde mtu wako kwenye kona ambazo wewe huzioni, amchoshe na njia mbaya, amkumbushe mlango wa kwao. Amina ya baraka hii siisemi mimi. Nakuachia wewe, uitunze mpaka siku utakayosikia hodi.