Gunia Juu ya Shimo

Kuna siku moja sijaisahau mpaka leo, mwanangu: siku ambayo mama wa watu alining'inia juu ya mashine kwa sababu yangu. Nakusimulia sasa kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi kule Londiani, kwa mashine ya kupasua mbao, na tangu jana umeniambia mara tatu kwamba kazi yenyewe ni rahisi. Kaa chini kidogo. Subira sikuzaliwa nayo, hata mama yako anajua, kwa hiyo sitakuzungusha sana.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na siku hizo mtu wa kidato cha nne alitembea na kalamu mbili kwa mfuko wa shati, watu wazione. Nilikuwa na daftari pia la kuandika mambo ya kila siku. Nikikupa lile daftari utacheka, maana kila ukurasa nalalamika. Leo pia wamenipa kazi ya watu ambao hawakusoma. Leo pia hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Basi nilipata kazi kwa kiwanda kimoja cha chai upande wa Sotik, nikidhani nitawekwa ofisini. Wakanipeleka juu orofani, mahali pa kuanika majani mabichi ili yanyauke kabla ya kusokotwa.

Orofa yenyewe ilikuwa ndefu kama kanisa. Huku na huku kulikuwa na vitanda vya gunia, kimoja juu ya kingine, majani yametandazwa, na feni kubwa zinavuma mchana kutwa. Katikati ya sakafu ya mbao kulikuwa na shimo ambalo lingeweza kumeza mtu mzima na koti lake. Majani yakishanyauka, tuliyasukuma kwa hilo shimo yakaanguka chini kwa rola, mashine nzito inayozunguka ikiyasokota. Tukimaliza, shimo linafungwa kwa mlango wa mbao.

Mkubwa wetu huko juu alikuwa nyapara mmoja mzee, Arap Maritim. Huyo mzee alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Shimo likiwa wazi, yeye anaketi kando yake juu ya debe. Haondoki. Hata chai analetewa hapo hapo. Watu walikuwa wakimtania.

"Mzee, hii shimo ni bibi yako wa pili?"

"Bibi naweza kumwacha aende soko ya Chepilat peke yake," alikuwa akijibu. "Hii, hapana."

Mimi niliandika kwa daftari langu kwamba ni upuuzi, mtu mzima kulipwa mshahara alinde shimo. Ujana, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini sisi tulidhani mwiba ni wa watu wengine.

Siku hiyo ninayosema, wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kukagua kiwanda. Tena kulikuwa na habari kwamba meneja anatafuta karani. Nililala na hiyo habari, nikaamka nayo. Nilivaa shati nyeupe. Kumbe asubuhi hiyo bawaba moja ya mlango wa shimo ilikuwa imevunjika, na fundi wa mbao ameuchukua mlango mzima kuurekebisha. Arap Maritim alikuwa amekaa kwa debe lake tangu alfajiri. Kama saa nne, fundi akamwita aende akaonyeshe vipimo. Mzee akaniita.

"Lakwet, kuja hapa."

Lakwet ni mtoto. Nimeshatoka jandoni, na bado ananiita mtoto mbele ya wanawake!

"Kaa kwa hii debe. Mlango haiko. Usitoke mpaka nirudi."

"Mzee, nina majina ya kuandika."

"Andika ukikaa."

Nikakaa. Joto lilipanda kutoka chini pamoja na harufu ya majani na vumbi, na vumbi likatua kwa shati yangu. Ile nafasi ilikuwa nyuma ya vitanda. Mtu akitoka kwa ngazi hawezi kukuona. Kisha nikasikia gari ya wageni huko nje. Mwanangu, nilifikiria kitu kimoja tu: watapita bila kuniona, ama watanipata nimekaa kwa debe kama mzee wa zizi, na ile kazi ya karani itapewa mwingine.

Nikatafuta gunia safi. Nikalikunja mara mbili, nikalitandaza juu ya shimo, nikalivuta likakaza, nikalibana kwa misumari iliyokuwa imetokeza pembeni. Tena nikafagia majani kidogo juu yake ipendeze. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nilijiona mtu wa akili sana. Ukitazama usingejua kuna shimo. Nikaenda nikasimama karibu na ngazi, daftari mkononi.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Kisii, tukimwita Mama Kemunto kwa jina la binti yake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kubeba kapu kubwa la majani, amelikumbatia kifuani, mpaka vitanda vya mwisho. Mdomo wake haukuwa na likizo. Alipopita akaniangalia, akaniita kwa kile kidato changu cha nne.

"Fomu Foo, leo umeoga! Hao wageni wanakuja kukuoa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka bila kugeuka, macho kwa ngazi. Halafu nikasikia gunia likipasuka. Ni sauti ndogo tu, kama mtu anachana kitambaa cha nguo dukani. Kisha mayowe.

Nitakuambia ukweli, sikukimbia mara moja. Nilipofika, kapu lilikuwa limekwama juu ya shimo, na Mama Kemunto ameshikilia ukingo wa kapu kwa mkono mmoja, mwili wote uko ndani ya shimo. Nikalala kifudifudi nikamkamata. Chini yake rola ilikuwa inazunguka polepole, haina habari, kama mtu anakoroga uji.

"Usiachilie," akasema. "Niko na watoto wanne. Usiachilie."

"Siachilii, mama."

"Umeshika mkono ama umeshika sweta?"

Nilikuwa nimeshika sweta. Niliiona ikivutika, ikiwa ndefu, ndefu. Nikaachilia kidole kimoja kimoja nikitafuta mkono wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ndefu kuliko zote nimewahi kufanya maishani. Kiatu chake kimoja kikatoka mguuni. Tulikisikia kikianguka.

Arap Maritim alikuwa amefika chini ya ngazi akirudi. Hakupanda. Alijua kwamba hata akipanda, rola haitasimama. Alichukua nyundo ya fundi akapiga bomba la chuma, akapiga tena na tena, akiita watu wa chini wasimamishe mashine. Rola ikazunguka mara mbili zaidi, ikanyamaza. Wanaume wawili wakaja, tukamvuta Mama Kemunto. Ngozi ya mguu ilikuwa imechunwa na ukingo wa shimo mpaka mfupa kuonekana, na goti limegeuka vibaya. Wakambeba kwenda zahanati. Kile kiatu baadaye kilipatikana kati ya majani, kimesokotwa kama kamba.

Sasa sikiliza aibu yangu. Meneja na wageni walikuwa wameshapanda, wamesimama, na kitu cha kwanza mimi kusema kilikuwa hiki:

"Ajali haina kinga, mzee. Na yeye kwani hakuona? Mwenye macho haambiwi tazama."

Arap Maritim alishapanda kutoka chini. Alikuwa ameinua lile gunia lililopasuka, analigeuza geuza.

"Maritim," meneja akauliza, "nani alikuwa na zamu ya shimo?"

"Ni mimi, bwana. Mimi niliondoka."

Alisema hivyo tu. Hakuniangalia hata kidogo. Angeniangalia ningekasirika, na ningekasirika ningenyamaza. Lakini alitazama lile gunia, na nikajua kwamba huyu mzee atafukuzwa leo na mimi nitakuwa karani.

"Ni mimi niliweka gunia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mzee aliniambia nikae. Sikukaa."

Meneja akaandika jambo kwa kitabu chake. Ile kazi ya karani iliishia pale pale, na barua ya onyo nikapata. Lakini mzee hakufukuzwa.

Wageni walipoondoka, nilingoja kutukanwa. Mzee alichukua lile kapu la Mama Kemunto, akalijaza majani, akanipa nilikumbatie.

"Tembea mpaka mwisho. Urudi."

Mwanangu, nilikuwa nimetembea ile orofa miezi mitano, na sikuwa nimewahi kuitembea na kapu. Sikuona miguu yangu. Sikuona sakafu. Niliona paa na ukingo wa kapu tu. Nikakwaa msumari. Mbele kidogo nikateleza kwa mafuta yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwa feni moja. Ubao mmoja karibu na dirisha ukabonyea chini yangu. Niliporudi nilikuwa natokwa na jasho.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Na yeye haoni kitu, kila siku. Wewe ndiye una macho, na hukutazama kwa niaba yake." Akaketi kwa debe. "Sikia, lakwet. Shimo ikiwa wazi inajisemea yenyewe. Mtu anasikia rola, anasikia joto, anapita mbali. Wewe umeifunga mdomo, ukaivalisha nguo ya sakafu. Mimi sikai hapa kwa sababu ni mvivu. Nakaa hapa niwe mlango. Sasa toa hiyo kalamu yako. Andika msumari. Andika mafuta. Andika ubao. Peleka kwa fundi leo, si kesho."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kalamu yangu kufanya kazi ya maana.

Mama Kemunto alirudi baada ya wiki nyingi, anachechemea. Nilikuwa nimempelekea maziwa kila Jumapili, nikiogopa hata kukaa kwa kiti chake. Alipofika kwa mlango wa orofa akasema kwa sauti, wote wasikie:

"Fomu Foo! Si mlisoma jiografia, milima na mabonde? Hii bonde ilikuwa ukurasa gani?"

Wakacheka sana, nami nikacheka huku macho yananiuma. Alinisamehe. Goti halikunisamehe. Hakubeba kapu tena maishani. Walimpa kazi ya kukaa, kuchagua vijiti kwa chai kavu. Na mvua ikikaribia, na wewe unajua huku kwetu mvua ni kila mchana, alikuwa anashika lile goti na kunyamaza. Yeye, kunyamaza!

Basi, mwanangu, nimefika nilikokuwa naenda. Ajali haina kinga ni neno la watu wanaozika. Wewe ulitumie kumfariji mtu, usilitumie kujitetea. Ukifika kazini, kabla ya kutafuta mkubwa akuone, tembea mahali pote mikono mitupu, kisha utembee umebeba kile wenzako wanabeba, ndipo utajua hatari iko wapi. Muulize anayefagia na anayebeba, hao ndio wanajua kile kinachowatisha, ni vile hakuna anayewauliza. Kitu kikiharibika, sema. Kama hakijatengenezwa, kiache kionekane, na mtu asimame hapo, na kama ni wewe umeambiwa usimame, simama, hata ikiwa inachosha, hata ikiwa rais mwenyewe anapita. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema ni mimi kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wako. Mimi nilichelewa dakika chache tu kusema, na hizo dakika zinaniuma kuliko ile barua ya onyo.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulie kila asubuhi, awape macho wanaofanya kazi nawe, na kila jioni akurudishe na vidole vyako vyote kumi, wewe na yule aliyesimama kando yako.