Katani Iliyokwanguliwa

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Dada Katani, na ukimtuma mtoto akamwite fundi bomba, mtoto alijua mlango wa kugonga. Jina lilitokana na kazi. Mafundi wengine walikwisha kuhamia kwenye tepu nyeupe, ile nyepesi kama utando, lakini yeye kwenye mabomba ya chuma aliendelea na nyuzi za katani kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Alikwaruza kwanza meno ya bomba kwa kipande cha msumeno ili nyuzi zipate pa kushika. Kisha alichambua fungu dogo la katani, akalizungusha kufuata upande ambao kiungo kingekazwa, akalipaka dawa ya kuzibia kwa kidole, ndipo akafunga. Kiungo alichokifunga yeye hakikutoa hata jasho.

"Tepu si mbaya," alikuwa akisema, "ila ina kiburi. Ukishaikaza ukairudisha nyuma kidogo tu, imeshakununia. Katani unaweza kubembelezana nayo."

Kazini hakuwa peke yake. Alifuatana na binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye kila mtu alimwita Mashoto kwa sababu ya mkono anaoutumia. Dada Katani alifiwa na mama akiwa bado anatambaa, na shangazi ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea pamoja na Mashoto kitanda kimoja, sahani moja. Baba akawafundisha wote wawili kazi ya bomba. Mashoto ilimsumbua mwanzoni. Mkono wake ulimpeleka kinyume, na tepu aliyoizungusha yeye ilikuwa ikivuliwa na kiungo chenyewe kinapoingia, ikajikusanya mdomoni kama kitambaa kilichokunjamana, na maji yakadondoka. Baba alimfungisha na kumfungulisha mpaka mkono ukatii. Tangu hapo hakukosea tena. Walipokua wakagawana kazi bila hata kukaa kikao: dada anaziba, Mashoto anakaza kwa spana kubwa. Walitaniana siku nzima, na mara nyingi mwenye nyumba aliwasikia wakicheka chini ya sinki kabla hajawaona.

Kazi iliyowatenganisha ilikuwa ya mkunga mstaafu, mama mmoja mkali wa usafi aliyejenga nyumba ya ghorofa moja ya kupangisha. Alitaka mabomba ya chuma kila mahali, na alimtaka Dada Katani kwa sababu mdogo wake wa kike alikuwa amemsifia fundi huyo. Walifunga mabomba yote, wakafungulia maji, na dada akapita kiungo kwa kiungo akipangusa kwa karatasi kavu. Karatasi ilibaki kavu. Mkunga alimshika mikono akasema, "Mwanangu, hii ni mikono ya kupokelea watoto."

Mashoto alikuwa amesimama nyuma yao na spana begani. Dada hakugeuka kumtazama.

Haikuchukua muda mrefu, dari za chini zikaanza kutoka madoa. Baadaye plasta ikavimba na kuanguka jikoni kwa mpangaji mmoja, nusura imwangukie mtoto. Mkunga alimwita Dada Katani akamsema mbele ya wapangaji, tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Nilikuamini kama mwanangu wa kumzaa! Umenifanyia nini?"

Dada alitaka kufungua viungo papo hapo ajionee. Mashoto akamvuta pembeni.

"Dada, umechanganyikiwa. Nenda nyumbani ukapumzike, niachie mimi. Nitakusafishia jina."

Alikwenda. Jioni Mashoto alirudi, akaketi karibu naye, akamwambia taratibu kwamba katani ilikuwa imeoza, pengine dawa haikutosha. "Usijilaumu," alisema. "Hata baba angechoka. Mikono inazeeka, dada."

Akamwamini. Angewezaje kutomwamini? Habari zikazagaa kwamba fundi amekwisha, na kazi zikaanza kumwendea Mashoto. Dada Katani alibaki na vijikazi vya kubadilisha koki za uani. Hata hizo alizifunga na kuzifungua, akazifunga tena, asiridhike. Siku moja akiwa bafuni kwa mteja aliitazama mikono yake kwenye kioo, ikamjia huruma kama ni ya mtu mwingine, akalia huku maji yakikimbia ili asisikike.

Mambo yangebaki hivyo lau si fundi cherehani aliyepanga ghorofani kwa mkunga. Bomba la bafu lake lilianza kuvuja, Mashoto akawa hapatikani, na nguo za wateja zimetapakaa sakafuni. Akamfuata Dada Katani mwenyewe.

"Najua mwenye nyumba hakutaki, lakini hayupo. Njoo tu, dada yangu, nitaharibikiwa."

Akaja. Akafunga maji, akashika kiungo kilichovuja, akakifungua. Alichokiona kilimfanya akae kitako kwenye sakafu yenye maji. Hapakuwa na katani. Kulikuwa na tepu nyeupe, imezungushwa kinyume, imejikusanya mdomoni. Katikati ya meno ya bomba zilibaki nyuzi chache za katani, kavu na imara, kama makapi ya kitu kilichokwanguliwa kwa kisu. Akafungua cha pili, kikawa vilevile.

"Kuna nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Hii si kazi yangu."

"Si ya kwako vipi? Au ni pale binamu yako alipokuja kurekebisha?"

"Alikuja lini?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia, nyie mmeshamaliza, hata madoa ya dari hayajaanza. Alisema umemtuma wewe. Tulikaa bila maji asubuhi nzima."

Dada Katani aliichomoa ile tepu, akaitazama. Kinyume kile alikijua tangu utotoni. Lakini mkono wa Mashoto ulishafundishika zamani, na mtu hakosei viungo viwili mfululizo namna ile bila kukusudia. Alivifunga vyote upya kwa katani, akakusanya vifaa, akaenda nyumbani na zile tepu mfukoni.

Aliwakuta uani. Shangazi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na Mashoto akipaka grisi spana yake. Dada akaziweka tepu juu ya goti la Mashoto.

"Ulikwenda kufanya nini kwa mkunga?"

Mashoto alizitazama. Akaanza kusema mwenye nyumba alitaka mabomba yasogezwe, akaishia katikati.

"Nilifungua vichache tu," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila nyumba fundi ni wewe! Mimi ni mshika spana. Mpaka lini? Kila tunapoingia, 'Dada Katani, Dada Katani.' Mimi sina mikono?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ungecheka."

"Mtoto nusura aangukiwe na dari, Mashoto. Na mimi uliketi nami hapa hapa, ukaniambia mikono yangu imezeeka."

Mashoto aliinamisha kichwa. Ndipo dada akatambua kwamba shangazi hajashtuka. Vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta mawe kwenye mchele.

"Shangazi. Ulijua?"

Shangazi alitikisa ungo. "Alinieleza. Nilimgombeza sana, mwanangu. Lakini yeye ana watoto wa kulisha. Wewe uko peke yako, ungejimudu. Yaishe humu humu ndani."

Dada Katani aliwahi kusema baadaye kwamba ya Mashoto yalimuuma kama jeraha, lakini neno lile, "uko peke yako", kutoka kwa mama pekee aliyemjua, lilimwondoa nyumbani. Alihama wiki hiyo hiyo, akapata chumba nyuma ya karakana ya seremala.

Alikwenda kwa mkunga akamweleza yote. Mkunga alisikiliza, akaomba radhi kwa unyenyekevu, akamwachisha Mashoto kazi za nyumba ile. Lakini radhi ile ilitolewa sebuleni, mlango umefungwa, wakati matusi yalitolewa hadharani. Wateja wachache wakarudi. Wengine walikwisha kuzoea kusema amechoka, na hakuna aliyejisumbua kurudi nyuma kuyafuta maneno yake. Alinunua spana ndefu zaidi, na palipohitaji nguvu za mwanamume alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini, akaukandamiza kwa uzito wa mwili wake wote.

Siku moja wakakutana dukani kwa muuza vifaa, kaunta moja. Mashoto alikuwa amekonda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimepata kazi ya hosteli. Kubwa. Wanataka chuma kitupu, na wanataka katani." Akasogea karibu. "Peke yangu siiwezi. Mama naye anakuulizia kila siku."

"Mwambie mimi mzima."

"Na hosteli?"

"Tafuta mtu."

Alichukua fungu lake la katani na kopo la dawa, akatoka akitembea wima. Alipokata kona, akasimama. Akakaa juu ya mifuko ya saruji nje ya duka la jirani, fungu la katani mapajani. Muuzaji wa hapo akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni jua tu. Kisha akainuka akaenda, maana kuna mama mmoja alikuwa amefunga maji tangu asubuhi akimsubiri.