Mwanamke Aliyeandika "Siye ni Nani"

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne, nikiwa Komanda, hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, nikingoja pikipiki ya kurudi Bunia. Ugonjwa mfupi, wakaniambia. Jina lake sitalitaja, ila wengi wenu mmewahi kusoma maneno yake bila kujua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki, akafungua ofisi ndogo mtaani Mbunya, hapa Bunia, na kutengeneza tovuti za vyama vya wakulima, za parokia na za wafanyabiashara. Ukurasa mmoja ndio uliomnyima usingizi, ule tunaouandika kwa haraka kuliko zote: ukurasa wa kueleza sisi ni nani, au kwa Kiswahili chetu, siye ni nani.

Nilimfahamu nilipompelekea maneno ya tovuti yangu. Nilikuwa nimejiita mwandishi mashuhuri mwenye upeo wa kimataifa. Alisoma, akavua miwani.

"Huyu mutu mi simujue," akasema. "Weye unaandikaka nini?"

"Makala za gazeti, juu ya watu wa hapa."

"Basi andika vile. Mutu akifika kwa ukurasa huu, anataka kujua kama amegonga mulango wa kweli."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilinuna siku mbili, kisha nikafuta.

Ila kazi yake iliyonigusa zaidi ni ile ya wamama wa Boga, wakulima wa kakao. Mwakilishi wao alikuja ofisini na karatasi iliyojaa maono, dhamira na uongozi bora, yote kwa Kifaransa.

"Mama, hii ni nyiye kweli?" marehemu akamuuliza.

Yule mama akacheka. "Hapana. Hii ni Kifaransa ya projet, ya kuombea wafadhili."

Basi marehemu akasafiri mwenyewe hadi Boga, akakaa siku mbili kwenye mikeka ya kuanikia kakao, akimsikiliza kila mmoja. Ilipofika zamu ya majina, wakainama na kuanza kugeuza kakao. Kwetu jina hutaja asili ya mtu, na asili imewahi kuua watu. Hakuwasukuma. "Kila mama aseme mwenyewe," akawaambia. "Mwenye atakataa, hatumuandike." Tisa walikubali kuandikwa, kila mmoja na kijiji alichozaliwa, watatu wakakataa. Ukurasa ukatoka hivi: "Siye ni wamama kumi na mbili wa Boga. Vita ilitukimbiza, tukarudi, tukapanda kakao tena. Watatu wetu hawataki majina yao yaonekane, tunawaheshimu." Chini yake yakafuata yale majina tisa.

Miezi kadhaa baadaye, simu ya chama ililia kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. Mwanamume mmoja alikuwa amesoma jina la mama yake, na kijiji chake, akashindwa kuamini. Tangu siku walipopotezana njiani wakikimbia, alikuwa akiambiwa mama alikufa. Mama huyo alipanda pikipiki hadi Mbunya kuleta habari mwenyewe.

"Mutoto wangu iko muzima!" alisema akiwa bado mlangoni. "Amenipata mu mashini yako!"

Marehemu alinipigia mchana uleule, na kwa muda mrefu nilisikia kilio tu. Yule mwana amekwisha kurudi Boga na wanawe kumsalimia bibi yao.

Ituri yetu imeelezwa sana na wengine, katika ripoti za dhahabu na za maiti. Ni mara chache sisi wenyewe tumetangulia kusema. Leo naona vyama vingine hapa Bunia vikiandika upya kurasa zao, kwa majina ya kazi na ya vijiji, na moyo wangu unapata nguvu. Ukurasa ule si wa kujisifu wala wa kumridhisha mfadhili. Upo ili anayetutafuta atutambue.

Kwa hiyo, msomaji, kama una chama, duka au shirika, wasomee kwa sauti watu wako kile mlichoandika juu yao. Wasipojitambua, futa, kisha uwaulize wao.