Kofi Kabla ya Chuma

Kofi la kwanza nililopigwa katika ile jimu nilipigwa na mtu ambaye hata salamu yangu alikuwa hajaitikia. Nilikuwa nimelala chali kwenye benchi, natazama mabati ya paa, najiuliza kama nimezima jiko nyumbani, ndipo kiganja kipana kama sinia kikashuka kifuani mwangu. Pa! Pumzi zote zikatoka. Nikataka kuinuka, nikasukumwa chini.

"Unaangaria mimi ya nini?" akaniuliza. "Kasirikia chuma!"

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kabla ya kusukuma uzito mpya, lazima mwenzako akuzabe, kifuani, mgongoni, na kwa wenyeji hata shavuni, ili hasira ipande. Desturi hiyo ilikuwa na nusu ya pili, ambayo mimi niliielewa nikiwa nimechelewa: anayekupiga ndiye anayekudaka. Aliyekuzaba anasimama kichwani pako, mikono karibu na chuma, mpaka umalize. Ukikwama, ni juu yake. Ukifa, nadhani pia ni juu yake, ila hilo lilikuwa bado halijajaribiwa.

Jimu ilikuwa uani, nyuma ya duka la mbao, upande ule ambako ghorofa za Bugolobi zinaishia na viwanda vinaanza. Chuma chenyewe kilikuwa bomba nene. Uzito ulikuwa gia kuukuu za malori, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kopo moja liliwahi kuchomoka na kuponda kidole cha mguu cha mtu, na tangu siku hiyo ncha za bomba zilifungwa kwa vipande vya tyubu, vikakazwa mpaka vikatoa jasho.

Wenye uwanja walikuwa kanyama. Hivyo ndivyo Kampala inavyowaita wanaume wanaosimama milangoni mwa baa na kumbi, wakitupa nje watu waliokunywa kuliko akili zao. Walifika saa nne asubuhi, macho mekundu, vifundo vya ngumi vimechubuka, wakisimuliana nani alirushwa juu ya nini. Mmoja alikuja na alama za meno mkononi. Akatuonyesha kwa fahari, kama mtu anayeonyesha saa mpya.

Na mimi? Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma mpaka senior foo, kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na bado napumzika. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi dirishani, ambako natengeneza simu za majirani. Ningetaka kupigwa, mama yangu alitosha.

Ni yeye aliyenituma. Mama ni mjane wa askari, Mnubi wa kambi ya jeshi kwa kuzaliwa na kwa ulimi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na maneno. Mimi ningeulizwa, ningesema kilikosea upande. Kila asubuhi nilimtoa kitandani nikamweka kwenye kiti cha dirishani, na kila jioni nilimrudisha. Ndugu zangu wote wameoa na kuolewa, wako mbali, na wote wana sentensi moja: "Wewe si uko tu nyumbani?"

Asubuhi moja, katikati ya kitanda na kiti, mikono yangu ikakataa. Mama akateleza, mimi nikaanguka naye, na kichwa chake kikaikosa pembe ya chuma ya kitanda kwa upana wa kidole. Tukalala sakafuni tukitazamana. Halafu akanizaba, mara mbili, kwa ule mkono mzima.

"Baba yako alibeba bunduki na mgonjwa mgongoni, siku mbili," akasema. "Wewe umeshindwa na nusu ya mwanamke!"

"Mama, yule mgonjwa hakuwa anampiga."

"Nenda ukatafute mikono. Na siku utakayoniangusha tena, hakikisha nimekufa, maana nikipona utajuta."

Tulicheka, lakini niliiona ile pembe ya kitanda. Niliiona hata nikifumba macho. Kuanguka kwa pili kungemvunja nyonga au kumuua, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Ndiyo maana mtu asiyevuka barabara bila sababu akaenda kulala chini ya bomba la chuma.

Kocha alikuwa Mkongo wa Bukavu, mlokole, mwembamba kuliko nilivyotarajia, na mkononi hakukosa kipande cha hosi ya maji. Yeye hakupenda makofi. "Makofi hainuake chuma," alisema. Lakini yeye alikuwa mmoja na kanyama walikuwa wanane, basi akabaki na hosi yake. Alifundisha kwa hiyo hosi kama ustadhi wangu wa utotoni alivyofundisha kwa bakora, na sikumbuki ni yupi aliyekuwa na huruma zaidi.

"Yaya," aliniambia, maana huko kwao yaya ni ndugu mkubwa wa heshima, kisha akaitandika heshima hiyo pajani. "Benchi hii si kitanda ya bibi yako. Macho chini ya chuma! Miguu kwa udongo!"

Hosi ilinifundisha mambo ambayo vitabu vya shule havikunifundisha. Nyayo zote mbili zikae chini zisicheze: hosi kwenye visigino. Matako yasiondoke benchini: huko nako hosi ilifika. Mabega uyavute nyuma na chini, mifupa bapa ya mabega ibanane kama unaficha barua ya mapenzi katikati yake, na usiiachie barua mpaka chuma kirudi mahali pake. Vidole gumba vizunguke bomba. Wapo wanaoviweka upande mmoja na vidole vingine kwa kujionyesha, na Kocha alikuwa na jina la mshiko huo. Aliuita mshiko wa marehemu.

Viwiko ndivyo vilivyonitesa. Nilivitawanya kabisa, mikono imenyooka kwa pande zote mbili.

"Nani alisulubisha weye?" Kocha akauliza, na hosi ikalia kwenye kiwiko. "Weye si Mwislamu? Rudisha mikono!"

Viwiko vikakaribia mbavu kidogo, si sana. Chuma kikashuka polepole hadi chini ya chuchu, kikagusa bila kudunda, kikapanda na kurudi nyuma kidogo hadi juu ya mabega. Kiwiko kikitanuka, alisema, uzito unaacha kifua na kwenda kula bega, na bega ni kiungo chenye kinyongo, likikosewa halisahau.

Nilichubuka, nikavimba, nikarudi. Baada ya miezi michache nilimwinua Mama asubuhi moja bila kuguna. Alikaa kwenye kiti, akanitazama kwa mashaka kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko inavyofaa.

"Leo umekula nini?" akauliza.

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata, nami nikalewa nayo. Nikataka gia nne.

Gia nne zilikuwa uzito wa kanyama, na siku niliyoziomba, yule wa kofi la kwanza ndiye aliyejitolea kunipiga. Alikuwa mkubwa kuliko wote, pua yake ilishavunjwa zamani, na tangu nifike aliniita Mama Nyumba. Nililala. Akanizaba kifuani, akanizaba shavuni. Macho yakatoka maji. Halafu akainama sikioni kwangu, mbele ya wote.

"Sukuma kama unasukuma ile mama yako. Ama leo pia utaangusha yeye?"

Nilikuwa nimewasimulia mwenyewe habari ya kuanguka, kwa mzaha, kama ninavyosimulia kila kitu. Basi sijui kwa nini mkono wangu uliondoka. Nilijikuta nimesimama na ngumi yangu iko kwenye ile pua. Ilitoa mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Akarudi nyuma, akajikwaa kwenye makopo, damu ikamwagika kidevuni na kwenye fulana. Nami, niliyekuwa sijapigana tangu darasa la tano, na hata huko nilishindwa na msichana, nikamrukia. Akanipokea kwa goti tumboni. Akanishika shingo akanigonga kichwa ukutani mara mbili, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa mkubwa. Wengine walipiga miluzi, na mmoja akatoa simu akaanza kupiga video. Ni hosi ya Kocha iliyotutenganisha. Ilitutandika wote wawili usoni, bila upendeleo.

"Enda unawe!" akamfokea kanyama, kisha akamsindikiza mwenyewe hadi kwenye bomba la maji nyuma ya mbao.

Hapo ndipo mwenye akili angechukua viatu vyake. Mimi mdomo ulikuwa umejaa chumvi ya damu, na watu saba walikuwa wananitazama. Nikalala benchini. Nikachomoa chuma chenye gia nne kutoka kwenye nguzo zake.

Hasira kweli inanyanyua. Inanyanyua na kusahau. Gumba langu lilikuwa upande wa marehemu. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na barua ya mapenzi sijui iliangukia wapi. Chuma kilishuka juu mno, karibu na koo, viwiko vimetawanyika kama nimesulubiwa tena, na nilipokisukuma bega la kulia likatoa sauti ya kanzu inayochanika. Mkono ukafa. Chuma kikalala kifuani na kuanza kubingirika kuelekea shingoni.

Mtu aliyelala peke yake chini ya chuma ana njia moja: anakiinamisha upande mmoja, uzito unateleza, anaponea hapo. Ndiyo maana ukiwa peke yako hufungi ncha. Sisi tulizifunga kwa tyubu kuokoa vidole vya miguu. Nilikiinamisha, gia hazikusogea hata unywele.

Na wale saba? Walisimama pale. Sikuwalaumu hata wakati ule, na huo ndio ujinga wa desturi ikikuingia damuni. Hakuna kati yao aliyenipiga, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na zamu ya kunidaka. Kila mmoja alimtazama mwenzake. "Nani alipiga yeye?" nikasikia mtu akiuliza. Chuma kilikuwa kimefika kwenye kikoromeo. Niliona mabati, kisha nyota kwenye mabati, na kitu cha mwisho nilichokiwaza hakikuwa dini. Niliwaza ni saa sita, Mama yuko kitini, nani atamrudisha kitandani?

Kisha uso mkubwa ukatokea juu yangu, umelowa maji, damu bado inachuruzika, tone likaniangukia jichoni. Kanyama alishika chuma peke yake, akakitoa shingoni kwangu kwa mngurumo, akakitupa uwanjani. Nikageuka nikatapika. Alipowageukia wenzake nilidhani ataua mtu.

"Mimi ndiyo nilipiga yeye!" akanguruma. "Kofi ilikuwa yangu! Si mungeita mimi?"

"Lakini na yeye alikupiga, ssebo," mmoja akajitetea. "Tukadhani imeisha."

Wakabishana hapo hapo, mimi nikiwa na magoti kwenye matapishi yangu, kama ngumi yangu ilifuta kofi lake au haikulifuta. Hawajakubaliana mpaka leo.

Kliniki walisema msuli wa bega umechanika. Wakaufunga mkono kwa kitambaa shingoni, na kusema wiki sita nisinyanyue hata birika. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya Mama. Jua lilikuwa linashuka. Mama alikitazama kile kitambaa cha shingoni, kisha akakitazama kitanda.

Mlango ukagongwa. Kanyama aliinama ili apite. Pua yake ilikuwa imefungwa plasta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyemfanya hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo pua?"

"Ni mimi," nikasema.

Mama alinitazama, akaitazama na ile pua. Halafu akamwita kanyama kwa kidole. Akasogea, akapiga magoti, na Mama akamzaba kofi ambalo lilisikika, naapa, hadi Nakivubo.

"Sasa nibebe," akasema.

Akambeba. Akambeba vibaya! Alivuta kwa nguvu za mgongo wake kama anachomoa mtu chini ya meza ya baa, akampandisha kwa mshtuko, Mama akapiga kelele za matusi ya kambini ambayo sitayaandika. Nami nikavua kandambili kwa mkono wa kushoto nikamtandika kiwikoni.

"Nani alikusulubisha?" nikamuuliza. "Miguu chini! Mabega nyuma! Mlete kifuani kwanza!"

Alikuja asubuhi na jioni, wiki zote sita: asubuhi akitoka kazini bado ananuka ugomvi wa watu wengine, jioni akielekea huko. Sikumwomba, naye hakueleza. Siku nyingine alikuja na jicho limefungika, Mama akalikanda kwa maji ya moto huku akimtukana. Kwangu mimi, mwanawe, maji hayo hayakuwahi kuchemshwa.

Siku ya kwanza ya mimi kujaribu tena, kanyama alisimama kichwani pa kitanda, mikono chini ya makwapa ya Mama bila kugusa. Nilipanda nyayo zangu sakafuni. Nikabana mabega, barua mahali pake. Bega la kulia lilikumbuka kila kitu na likanong'ona. Ile pembe ya kitanda ilikuwa palepale.

"Unaogopa?" Mama akauliza.

"Kidogo."

Akanizaba shavuni mpaka sikio likalia. Kisha mkono uleule, kabla sijapumua, ukazunguka shingo yangu na kushika nyuma ya shati langu kwa nguvu zake zote za nusu.

"Haya," akasema. "Nimekudaka."

Nikamwinua.