Matuta Yasiyokutana

Ndiyo, najisifu. Wenzangu ofisini wameshanizoea. Wageni ndio hushtuka wanaponisikia nikisema kwamba ukitaka kuuona mkoa wa Ruvuma kutoka juu, mwaka kwa mwaka, kijiji kwa kijiji, basi umefika kwa mwenyewe. Unyenyekevu nimewaachia wenye kazi mbovu ya kuficha. Kazi yangu imekaa vizuri, na siku ilipopimwa ilipimwa kwa shamba la mama yangu mzazi, mbele ya kijiji kizima, mimi nikiwa nimekaa kimya kama mgeni.

Mama anaishi upande wa Namtumbo, si mbali na Hanga. Ni mjane. Analima kama wanavyolima wengi kule: msimu huu tumbaku, unaofuata mahindi, halafu kipande kile anakiacha kipumzike na kuhamia kingine. Shamba likipumzika huota nyasi na vichaka, na mtu asiyelijua akipita hapo atasema halina mwenyewe. Kazi yangu mama hakuielewa. Majirani walipomuuliza binti yake anafanya nini mjini, alijibu, "Anapanga picha." Wakadhani nina studio ya kupiga picha za pasipoti, naye akawaacha waendelee kudhani hivyo.

Nilipoanza kazi hapa Songea, picha za ardhi tulizokuwa nazo zilikuwa nyingi kweli, na hakuna aliyeipata aliyoitaka. Kulikuwa na za zamani zilizopigwa kwa ndege, nyeusi na nyeupe, zimelala kwenye masanduku ya bati. Kulikuwa na za satelaiti, na nyingine za droni zilizoachwa na watu wa barabara. Diski moja niliikuta imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge, imewekwa kwenye droo pamoja na majani ya chai. Folda ziliitwa "Mpya", "Mpya 2" na "Mpya kabisa", na hiyo "Mpya kabisa" ndiyo iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Afisa wa wilayani akihitaji picha ya kijiji kimoja, alipanda basi na diski mkobani, akashinda kwetu akinakili, akarudi kwake na kugundua amenakili kijiji cha watu wengine.

Mimi uchafu wa namna hiyo unanikera mpaka nakosa hamu ya kula. Nikaomba niachiwe kazi ile. Programu ya ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa inaweza kumaliza tatizo, ila hakuna aliyekuwa ameipa nafasi. Haihamishi picha wala haizishoni kuwa moja. Inafanya kama mama mwenye nyumba anayejua sufuria yake ipi iko jikoni na ipi imeazimwa na jirani gani: kila picha inabaki ilipo, programu inakumbuka mahali pake, mwaka wake na msimu wake, halafu inazionyesha zote zikiwa zimetandazwa kama shuka moja. Ukiitaka ya mwaka fulani, inaileta juu. Nikatengeneza na nakala nyepesi za kutazamwa kwa mbali, ili mtu mwenye simu na bando dogo asikae anatazama kiduara kinazunguka.

Ilinitoa jasho. Kila picha ya zamani ina pindo nyeusi, na pindo hizo ukiziacha zinafunika kijiji cha jirani, kwa hiyo nilizikata moja moja. Mara mkuu wangu akaamua kusafisha kabati, akahamisha diski bila kuuliza, na asubuhi nusu ya wilaya ikawa kijivu kitupu. Nilimsemesha kwa adabu zote anazostahili mkubwa, lakini sauti yangu ilisikika mpaka kwenye kibanda cha mama wa chapati. Tangu siku hiyo kabati langu halisafishwi na mtu.

Katika kazi hii kuna kanuni moja ambayo hata anayejifunza leo anaijua: tazama mistari. Barabara ikikatika katikati na kuendelea pembeni, au matuta ya shamba yakielekea huku na ghafla yakageuka kule, ujue picha imekaa vibaya. Sasa kati ya zile picha za droni kulikuwa na moja ya kijijini kwetu, na ndani yake shamba letu lenyewe. Matuta yake yalikuwa vurugu tupu. Mengine yalishuka mteremko, mengine yaliukata, mengine yalipinda kama yamelimwa na mlevi. Mwenzangu wa meza ya pili akasema tuitoe, inatuharibia shuka. Nikakagua mapaa ya nyumba: yamekutana. Nikakagua barabara: imekutana. Bani letu la kukaushia tumbaku lilikuwa pale pale linapokaa miaka yote. Nikamwambia picha haina kosa na haitoki. Akaniambia nina kichwa kigumu. Hilo si tusi kwangu.

Shuka lilipokamilika tuliliweka kwenye seva, likawa wazi kwa kila ofisi ya wilaya na kwa kila mtendaji wa kijiji mwenye simu janja. Maofisa wakaacha kupanda basi na diski. Siku ya kwanza nilipopigiwa simu na mtu wa Namtumbo kunishukuru tu, bila shida yoyote nyingine, niliinunulia ofisi nzima soda.

Halafu mama akapiga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi hizo picha zenu ndizo zinazosema mimi silimi?"

Ilikuwa hivi. Timu ya mpango wa matumizi ya ardhi ilikuwa imefika kijijini. Ilifungua shuka langu, ikatazama picha ya juu kabisa, ambayo ndiyo mpya, na ikachora. Picha hiyo ilipigwa Oktoba, watu wameshachoma mashamba yao na mvua bado. Kipande cha mama kilichokuwa kimepumzika, ambacho ndicho alichotegemea kulima msimu unaokuja, kilionekana sawa na pori lililo nyuma yake. Kikaandikwa ardhi isiyotumika, kikapendekezwa kuwa malisho. Mkutano mkuu wa kijiji ukikubali, basi tena. Mama angebaki na kile kipande kilichochoka, na umri wa kwenda kufyeka kwingine hana.

Nilimwendea mkuu wangu nikamweleza wazi kwamba shamba ni la mama, na watu wa timu wameomba mtu wa kuonyesha picha mkutanoni, basi amtume mwingine.

"Mwingine nani anayejua kuiendesha?" akauliza, na jibu alilijua. "Nenda ukabonyeze. Mdomo uache hapa Songea."

Kwangu hiyo ni adhabu, lakini niliipokea. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Akina mama walivua vitenge vya juu wakaziba madirisha, mwenyekiti wa kijiji akaleta shuka jeupe kutoka kitandani kwake, nami nikaweka projekta juu ya dawati. Mtaalamu wa mipango alikuwa kijana mpole kutoka Kanda ya Ziwa. Akaeleza ramani yake vizuri, rangi ya njano mashamba, kijani malisho. Shamba letu lilikuwa ndani ya kijani. Wote mle walijua mimi ni mtoto wa nani, na wote walikuwa wananitazama kisogoni.

Mama akanyoosha mkono. "Hiyo picha ni ya lini?"

"Ni ya karibuni kabisa, mama. Ya Oktoba."

"Oktoba nani analima? Hata wewe baba, ukipigwa picha umelala, tutasema huna kazi."

Darasa lilicheka, na kijana wa watu akacheka pia. Akanigeukia. "Dada, inaweza kurudi nyuma?"

Moyo ulinijaa. Inaweza kurudi nyuma! Niliijenga irudi nyuma. Nikabonyeza, na mwaka wa kabla ukaja bila kusita: kipande kile kina mahindi. Nikabonyeza tena: tumbaku, na moshi wa bani unaonekana. Tena: kimepumzika, cha pili kinalimwa. Watu wakaanza kusogeza madawati mbele, wakionyeshana nyumba zao kabla ya mabati mapya na miti waliyokwisha kata. Nilikuwa nabonyeza huku nimebana midomo nisitabasamu kama mjinga.

Kisha ukaja mwaka ambao mwenyekiti aliusimamisha. "Ngoja hapo. Mashamba ya wote yamelimwa, hili halina kitu. Vipande vyote. Msimu mzima limekaa bure, mama?"

Mama akainuka, akapita katikati ya watu hadi kwenye shuka, picha ikawa imemwangukia mgongoni. "Hapo mzee alikuwa ametangulia," akasema. Akaweka kidole kwenye mstari mwembamba mweupe uliotoka nyumbani, ukapita kando ya bani, ukaishia pembeni mwa shamba. "Jembe sikushika. Hii njia ndiyo kazi niliyoifanya mwaka huo. Nyumbani, kaburini. Kaburini, nyumbani."

Mwaka ule mimi nilikuwa chuoni Morogoro. Nilikuja kumzika baba, nikarudi kwenye mitihani, na mama kwenye simu alisema kila siku kwamba mambo ni mazuri. Picha ile niliipanga mwenyewe, na mstari ule niliuona, nikadhani ni njia ya mbuzi. Nikabonyeza kitufe cha picha za droni ili nifanye chochote.

Ikaja ile ya kwetu, ya msimu uliofuata. Ile ya matuta.

Kijana wa mipango akakunja uso. "Hii nayo imekaa vibaya. Mistari haikutani."

Nilifungua kinywa kumwambia habari za mapaa na barabara. Kabla sijasema, mzee mmoja jirani yetu akaongea kutoka nyuma. "Imekaa vizuri, mwanangu. Lile la kupinda ni la kwangu."

"La kwako lipi?" mama mmoja wa jumuiya ya kanisani akadakia. "La kwako ni yale mafupi, ulichoka mapema!"

"Hayo mafupi ni ya shemeji yangu. Mimi nilianzia huku kwa bani."

Wakasimama. Wakaja mbele, mmoja mmoja, kila mtu akitafuta matuta yake kwa kidole kwenye shuka la mwenyekiti. Kwetu ukitaka watu wakulimie unawaalika, unapika pombe, wanalima, wanakunywa. Msimu ule uliofuata kifo cha baba, mama hakualika wala hakupika, nguvu hiyo hakuwa nayo. Mvua zilipoanza walikuja wenyewe na majembe begani, kila mmoja akashika upande wake na kulima alivyozoea kwake, na hakuna aliyemwelekeza mwenzake. Ndiyo maana shamba zima lilikuwa viraka. Mimi yote hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, kama yule kijana wa mipango.

Mwenyekiti naye alikuwa amekwisha pata matuta yake. Akageuka. "Haya. Nani ananyoosha mkono kwamba hapa ni pori?"

Mikono yote ilikaa chini. Kijana wa mipango akasema, "Naomba nichore upya," na hakuishia kwetu. Alipita kila shamba lililopumzika, ananiambia rudi nyuma, narudi, wenyewe wanamtajia, anachora. Tulikaa mpaka vitenge vilipotolewa madirishani kwa sababu wenyewe walitaka kwenda kupika. Mimi nje ya kubonyeza sikusema neno, na mkuu wangu akitaka ushahidi akaulize kijiji kizima.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari. Akaniuliza ile picha ya matuta ni nani mwingine anaweza kuiona.

"Yeyote, mama. Hata aliye Dar."

"Vizuri. Waione."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. "Ulikuwa na mitihani," akasema, akanirekebisha ukosi kama vile bado nakwenda shule.

Juzi juzi tumepata mfanyakazi mpya, binti makini, nikamkabidhi kukagua picha upande ule. Baada ya muda akaja mezani kwangu. Kuna moja ya droni, akasema, mistari haikutani kabisa, airekebishe au aitoe? Nikainuka nikaenda naye kwenye kompyuta yake. Nikamwonyesha mapaa, nikamwonyesha barabara, nikamwonyesha bani. Halafu nikamwambia asiiguse, matuta hayo ndivyo yalivyolimwa.