Aliyepanda Lori Pamoja na Farasi

Mimi sikumpenda yule farasi. Naanza na hilo, maana watu wakinisikia nikimzungumzia hudhani tulikuwa marafiki. Alikuwa mnyama mwoga kupita kiasi. Alimwogopa kuku, aliogopa nguo iliyoanikwa, na siku memsahib, mke wa mzungu mwenye shamba, alipovaa kofia mpya aliuvunja ua kwa miguu ya nyuma. Aliyempenda alikuwa kaka yangu. Kaka ndiye aliyekuwa saisi wa shamba lile, juu ya barabara ya Litein, miaka ile ya thelathini ambapo chai ilikuwa ikipandwa mahali palipokuwa na miti ya msitu juzi tu. Kazi ya kumtunza farasi niliirithi kaka alipokufa kwa homa ya kifua. Nilirithi na koti lake la kazi. Farasi alilinusa lile koti, akanitazama usoni, akalinusa tena, kisha akarudi nyuma mpaka ukutani.

Tangu siku ile alikuwa na tabia moja iliyonikera na kunitia baridi mwilini. Kaka alizoea kumsugua akiwa amesimama upande wa kushoto, bega kwa bega naye. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo nilimsugua nikiwa upande wa kulia. Zizi lilikuwa jembamba, na kila siku farasi alinibana ukutani mpaka pumzi ikanikata, huku upande wa kushoto pamebaki nafasi ya kumtosha mtu mzima. Nilimsukuma asogee, akakataa. Nilimtandikia nyasi kavu zizi zima, na asubuhi nilizikuta zimevurugwa zote isipokuwa za upande ule.

Basi bwana wetu akauza shamba ili arudi kwao Ulaya. Farasi alimpa rafiki yake aliyekaa mbali, huko reli inakopita. Mguu wa mbele wa farasi ulikuwa umeumia zamani alipokanyaga shimo la mhanga, na usingeiweza safari ndefu, kwa hiyo likakodiwa lori la kubeba magogo, likazungushiwa mbao, na nyuma likawekewa mlango wa kulazwa chini. Asubuhi ya safari bwana alinijia bunduki ikiwa begani.

"Wewe tia yeye ndani ya lori mbele ya mvua," alisema kwa Kiswahili chake cha walowezi. "Mvua nakuja, lori hapana pita. Basi mimi napiga yeye bunduki. Hapana taka yeye nabaki hapa, nateseka kwa watu."

Hao watu ni sisi. Masikio yaliniwaka moto kwa hasira, lakini nilikwenda kumfungua farasi, kwa sababu niliijua mvua ya kwetu. Huja mchana, kutoka upande wa msitu, na haichelewi. Na nilikuwa namfikiria Mama. Tangu kaka afe, Mama alikuwa akija zizini kila asubuhi, anasimama nje ya ua, anamtazama farasi. Hakumgusa. Alisema pumzi ya mnyama yule bado ina harufu ya mikono ya mwanawe. Sikujua ningemwambia nini iwapo angefika na kukuta mzoga.

Dereva wa lori alikuwa Mkikuyu, Mkristo, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri ya kazi. Alitaka tumvute. Nilimwambia farasi akivutwa uso hujivuta nyuma, na akiteleza kwenye mbao huvunjika mguu, na hapo bunduki itapata kazi yake. Tuliurudisha mkia wa lori mpaka kwenye ukingo wa shamba la chai, mahali ardhi ilipoinuka, ili ule mlango wa nyuma ukilazwa usiwe na mteremko mkali. Tulimwaga udongo juu ya mbao, tukatandaza nyasi juu ya udongo, ili kwato zisisikie utupu. Kisha nikamleta polepole. Sikusimama mbele yake. Nilisimama begani, kamba ikiwa legevu, nikamwacha atazame na kunusa. Akipiga hatua moja, nampa pumziko na kiganja cha mahindi. Akirudi nyuma, narudi naye bila kumgombeza, tunaanza upya.

Alifika mlangoni bila shida, na hilo lilinishangaza. Akapandisha miguu ya mbele. Halafu akasimama, akaelekeza masikio yote mawili kwenye pembe ya ndani, kushoto, ambako hapakuwa na kitu. Woga wake niliujua vizuri: jasho shingoni, macho meupe, mkia umebanwa. Hapakuwa na lolote kati ya hayo. Alitoa sauti ya chini kupitia puani, ile ambayo farasi humtolea mtu wake anapokuja na chakula. Sauti ile sikuwahi kuisikia tangu kaka afe. Kisha akarudi nyuma, taratibu, akisogea kando kama anayempisha mtu mlangoni.

Tulijaribu tena na tena, na kila mara ilikuwa vilevile. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukafunika mistari ya chai, ukatufikia hata sisi, mpaka nyumba ya bwana ikapotea ingawa ilikuwa jirani. Katika utulivu ule, mbao za ndani ya lori zikalia. Zililia upande mmoja, zikanyamaza, zikalia karibu na mlango.

"Nani iko ndani?" dereva akauliza. Alipanda, akachungulia, akainama kutazama chini ya lori. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi nimebeba ng'ombe, nimebeba maiti, nimebeba hata piano ya mzungu. Hii farasi inaona mtu. Na huyo mtu anatembea kwa lori yangu."

"Ni mbao tu," nilisema.

"Mbao gani inalia na hakuna mtu amekanyaga?"

Nilimgeuza farasi tuanze upya. Ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa msitu. Bwana akatokea ukunguni, akatazama juu, akatazama farasi aliyekuwa bado chini, akaanza kuitia bunduki risasi.

Wakati huohuo Mama alifika kwa njia ya katikati ya chai, na nyuma yake alikuja shemeji yangu, mjane wa kaka, mimba yake ikiwa imekaribia siku za kujifungua. Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Mama alikwishawaambia wote kwamba tumboni mwa shemeji anarudi mwanawe. Shemeji aliishi kwa tumaini hilo, na sidhani alikuwa na lingine. Na Mama alishikilia kwamba mfu akishaitika mahali, haitiki pengine.

Mama aliitazama bunduki. Akamtazama farasi, akaitazama ile nafasi aliyoiacha upande wa kushoto kwa kunibana mimi kulia, hata pale nje, penye uwanja mzima.

"Anangoja nini?" akaniuliza.

"Sijui, Mama."

"Unajua."

Akanisogeza kando kwa kiwiko, akasimama mbele ya pua ya farasi, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliepuka, akaanza kuwaita wafu wetu. Sijapata kusikia mtu akimfanyia mnyama hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake. Alimwita babu wa baba yetu. Alimwita babu. Alimwita baba. Farasi alisimama kimya, masikio mbele. Shemeji alielewa kabla yangu. Alikuja mbio na tumbo lake, akamshika Mama mkono.

"Mama, huyo usimwite," alisema. "Nakuomba. Huyo muache."

Mama aligeuka, akalitazama tumbo muda mrefu. Nyuma yetu nikasikia bunduki ikifungwa, tayari kupigwa. Mama akamgeukia farasi, akalitaja jina la kaka yangu.

Halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu tangu afe. Farasi akapiga chafya, mwili mzima, makamasi yakamrukia Mama kifuani. Hapakuwa na vumbi katika ukungu ule, wala hapakuwa na mtu mwenye tumbaku. Akashusha kichwa, akakiinamisha kushoto, akapanda. Kamba mkononi mwangu ilikuwa legevu kabisa, sikumwongoza mimi. Nilitembea kulia kwake, nikisikia kishindo cha kwato kikififia kwenye udongo, na kati ya kwato na kwato nikasikia mguu wa mtu, mkavu, usio na kiatu. Miguu yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya mabuti ya bwana.

Kazi niliimaliza inavyotakiwa. Nilifunga kwanza gogo la kumzuia nyuma, ndipo nikafunga kichwa, maana farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma pako wazi hujirusha kinyumenyume akaanguka. Alikuwa amesimama upande wa kulia, ameegemea mbao, mtulivu ajabu. Nafasi ya kushoto ilikuwa palepale. Nikashuka bila kuitazama mara mbili.

Dereva hakungoja kuagwa. Lori liliondoka kuelekea barabarani na matone ya kwanza yakaanza kupiga majani ya chai. Bwana alizitoa risasi kwenye bunduki, akanipigapiga begani kwa kiganja, akasema farasi mzuri sana, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi. Ninamchukia kwa mluzi ule hata leo.

Shemeji aliketi ukingoni, kwenye majani mabichi, mikono yote miwili juu ya tumbo. Mama alivua shuka lake akamfunika nalo, akakaa karibu naye. Mlio wa lori ulipotea taratibu.

"Umempeleka," shemeji alisema.

"Wangemuua, mwanangu. Angekufa mara ya pili."

"Na huyu? Huyu niliyembeba ni nani?"

Mama alilivuta shuka, akalifunika tumbo tena. Mvua ilikuwa imetufikia sasa, nami nilisimama pale na kamba iliyobaki, nikitamani aseme lolote. Hapo mtoto alicheza tumboni, kwa nguvu, hata mimi nililiona shuka likiruka. Shemeji akashtuka, akaitoa mikono yake haraka, kama aliyegusa tumbo la mtu asiyemjua.