Kisu Kilichokaa Eda

Walisema mwana wa mhunzi hafiki mbali kuliko moshi wa tanuri la babake. Walisema nitashindwa darasa la nne, nikashinda. Nilipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea ualimu, mzee mmoja wa mtaa wetu wa Msambweni alisema baridi itanimaliza kabla ya Ramadhani. Nilirudi katika miaka ya hamsini nikiwa na diploma yenye muhuri mwekundu na koti la sufu, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu mwingine, tangu kwetu hadi mpakani Lungalunga, mwenye karatasi kama ile. Nayasema haya wazi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa niliyapata bila mjomba ofisini.

Baba hakuyaona. Alifariki nikiwa ng'ambo, na habari ilinifikia arobaini yake imekwisha kusomwa. Mama alikuwa amemtangulia, na ndugu sina. Nilichokikuta ni kisu alichonifulia, kimeviringishwa kipande cha kikoi. Alikitoa katika springi ya lori. Bapa lake jembamba lilikuwa jeusi mgongoni na jeupe makalini, mpini wa pembe ya nyati, na pete ya shaba baina ya bapa na mpini.

Mama mmoja jirani, mjane, ndiye aliyenihifadhia. "Alikuwa akikohoa na kufua, akikohoa na kufua," aliniambia. "Alisema hiki si cha kuuza."

Huko Ulaya nilikuwa nimeona visu vya kwetu vimewekwa makumbushoni ndani ya vioo, watu wakivipitia kwa minong'ono. Hakuna hata kimoja kilichokifikia cha baba. Basi nikamwita seremala, akanitengenezea kabati la mvule lenye kioo, nikalisimamisha sebuleni katika nyumba yangu ya mawe. Kisu kikalala juu ya kitambaa chekundu.

Haikuwa fahari tupu. Aliyekulia penye mivukuto ya mhunzi anajua kwamba kisu huliwa na kinoo. Kila unapokinoa, chuma kidogo hubaki kwenye jiwe, na makali aliyoyaacha fundi huondoka yakaja yako. Baba asingeweza kufua kingine. Nilitaka makali yale yabaki kama mkono wake ulivyoyaacha.

Lakini mtu hupika. Kununua kisu cha dukani sikuweza; mwana wa mhunzi akionekana anachagua kisu kaunta, amemtukana marehemu. Nikawa naazima. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile, nina samaki wa kisiwani Funzi mkononi na sina cha kumparia magamba.

Vijana wa barazani hawakuniacha.

"Bwana mwalimu, hicho cha kwenye kioo kinangoja mahari?"

"Mwache," mwenzake akajibu. "Kisu kimefiwa. Kimekaa eda, hakitoki nje."

Wakacheka, nami nikapita na koti langu. Sikukasirika sana. Kuazima kisu kwetu si kuchukua na kwenda. Ni hodi, ni karibu, ni shikamoo na marahaba, ni kaa kidogo uonje muhogo huu wa nazi. Nyumbani kwangu sauti iliyokuwapo ni ya saa ya ukutani, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Ilikuwa saa nzuri, haikupoteza dakika.

Siku moja shule imefungwa, nilikuwa sebuleni nikisoma. Wanaume wa mtaa walikuwa mashambani na wengine baharini. Yule mama mjane akaja mbio, kanga imemwanguka begani.

"Mwanangu, ng'ombe wangu amekabwa na embe bichi! Tumbo limefura, anakata roho. Njoo umchinje, asije akanifia kibudu!"

Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa mali yake yote. Akichinjwa kabla hajafa, nyama ingeuzwa na mama angepata cha kushika. Akijifia, ni kibudu: hauziki, haliwi, ni wa kufukiwa tu. Na kisu cha mama huyo kilikuwa jikoni mwangu tangu jana. Nilikikimbilia, nikapitisha kidole gumba makalini. Butu, kama vingine vya kuazima nilivyokuwa bado sijavirudisha. Magamba ya samaki yalikuwa yamevimaliza, na sisi tumeusiwa tusimtese mnyama kwa kisu kisichokata.

Nilisimama mbele ya kabati. Najua nilisimama, kwa kuwa niliuona uso wangu kwenye kioo.

"Mwanangu!" mama akaita kutoka uani.

Nikafungua. Tulimkuta ng'ombe amelala chini ya mwembe, macho yametoka. Tulimgeuza kibla tukisukumana, mama kashika pembe. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar. Kisu kilipita kama kinapita majini. Sikuwahi kushika kitu kilichokata vile, wala sijashika tena.

Nyama iliuzwa yote kabla ya alasiri. Jioni nilikiosha kisu, nikaona makali yamekunjika kidogo mahali, pengine kwa mfupa. Hakikuwa tena kama baba alivyokiacha. Nikakitoa kinoo cha baba uvunguni mwa kitanda, nikakimwagia maji. Nilijua kunoa kabla sijajua kusoma. Nikakinoa polepole, na tope la kijivu likanichafua vidole.

Tangu hapo nikakifanya cha jikoni. Mkesha wa Idi nilikusanya visu vyote vya watu vilivyokuwa kwangu, nikaketi uani nikavinoa kimoja kimoja mpaka vikanyoa malaika ya mkono. Hakuna mhunzi wa pwani yote hii ambaye angeviona akapata la kusema. Kisha nikavaa kanzu nikavirudisha, mlango kwa mlango, kila mwenye kuniazima na chake.

Wa mwisho alikuwa yule mama. Alikijaribu kisu kwenye kitunguu, akacheka kwa furaha.

"Ahsante, mwanangu. Umetulipa sote." Akakiweka kando, akanitazama. "Na sasa utakuja kwetu kuazima nini?"

"Sina haja tena, mama," nilimwambia. "Nyumba yangu ina kila kitu."

Na ilikuwa nacho; nilirudi nikaisikia saa ya ukutani, haikupoteza dakika.